Buni Nyekundu Tupu

Binti yangu Tumpe aliitua ndoo ya buni miguuni pangu. "Baba, umechanganya tena. Nilisema nyekundu tupu. Mbichi chache tu zinaharibu ladha ya kichanja kizima cha kuanikia."

"Tangu lini viongozi wa chama cha ushirika wakaangalia rangi? Wao wanazimwaga zote kwenye gunia moja."

"Hii haiendi kwao. Tunaianika na maganda yake, kama mama alivyotaka."

Marehemu mke wangu, Anjela, alijaribu hivyo mara moja. Mwenyekiti wa chama akaimwaga kahawa yake chini mbele ya watu, akasema hiyo ni ya wavivu wasiotaka kumenya. Leo viongozi haohao wanatuhubiria kwamba wanunuzi wanaitafuta kahawa ya namna hiyo. Anjela hakuwahi kuyasikia mahubiri hayo.

"Kama umechoka, nitachambua mwenyewe," Tumpe alisema. "Ila hiki ni kichanja changu cha kwanza, baba. Kikiharibika watanicheka kama walivyomcheka mama."

Nikaivuta ndoo. Nilizitoa mbichi moja moja mpaka vidole vikanata kwa utamu. Nikabaki na moja mkononi, nyekundu yenye doa la kijani.

"Na hii je?"

"Itoe, mzee, usiionee huruma."

Nikaitoa.