Maji ya Moto ya Etelvina

Dada yangu Etelvina alitaka kitu kimoja tu mwaka ule: kupata joto. Tangu waanze kumpitishia zile dawa mshipani, baridi ilimwingia mifupani ikagoma kutoka. Blanketi tatu, chupa ya maji ya moto miguuni, paka juu ya tumbo, wapi!

"Nipelekeni Río Hondo," akasema. "Kule nitapata joto."

Tukaenda, kama kila Julai shule zikifungwa: Etelvina, bintiye Graciela, wajukuu wawili, na mimi Herminia, kitinda mimba, mwenye meno yote kamili isipokuwa yale yanayolala kwenye glasi. Hoteli ni ileile, na bwawa lilelile linalofuka mvuke asubuhi kama sufuria ya supu. Maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto; kazi ya hoteli ni kuyapunguza makali tu, wasije wakatuchemsha.

Ila huingii majini bila kukaguliwa. Daktari anakaa kwenye kibanda kando ya bwawa. Unamwonyesha katikati ya vidole vya miguu, unamwinulia makwapa, akiridhika kuwa huna fangasi anakufunga utepe mkononi. Etelvina alikuwa na bandeji chini ya mtulinga, pale palipoingia dawa. Daktari, msichana wa sauti ya upole, akatikisa kichwa.

"Samahani bibi. Kwa bandeji hii siwezi."

Etelvina hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma. Mwanamke aliyebishana na padri siku ya harusi yake mwenyewe, akafunga joho lake la taulo, akaketi kwenye benchi, mikono kaibana katikati ya magoti.

Mimi nikakaguliwa, nikafungwa utepe. Kisha nikaingia chooni, nikauvua kwa sabuni, nikavaa miwani ya Graciela na kofia ya kuogelea ya mjukuu, yenye bata. Nikarudi kibandani.

"Azucena," nikajitambulisha. "Dada yao wa kati."

"Mko dada wangapi?"

"Watatu. Mimi ndiye mrembo."

Akaniangalia vidole vya miguu, akakawia. "Hivi vidole nimeviona sasa hivi."

"Mama alikuwa na kalibu moja tu, mwanangu. Na uvivu juu."

Akainama, akafunga utepe bila kunitazama usoni. Nadhani alikuwa anauma midomo.

Kwenye benchi, nikamvisha Etelvina ule utepe wa kwanza, nikaizungushia bandeji yake nailoni tuliyofungia mikate ya safari. Graciela akanivuta kando.

"Mama mdogo, una wazimu?"

"Tangu nizaliwe. Shika mkono wa mama yako."

Tukamteremsha kwa ngazi za upande wa pili, kwenye mvuke mzito. Magoti, kiuno, mabega. Wajukuu wakaacha kurushiana maji. Sote tukawa tunautazama uso wake, tukiusubiri ulegee, kama unavyomsubiri mtoto acheke.

Meno yake yakaanza kugongana.

"Herminia," akasema, "mwaka huu maji yamepoa."

Milagros, mjukuu mkubwa, aliyekuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akafungua mdomo. "Lakini bibi, mbona ya..."

Nikamfinya chini ya maji.

"Yamepoa kabisa!" nikapaza sauti. "Hoi, wewe wa mataulo! Mnatuhifadhi kama samaki hapa? Nani kaizima ardhi?"

Kijana wa mataulo, jasho likimtiririka, akabaki amekodoa macho. Graciela akaanza kutetemeka. Sijui yeye alikuwa anaigiza au la, maana alikuwa amegeuza uso. Milagros akanitazama, akamtazama bibi yake, halafu, Mungu ambariki, akajikumbatia akasema, "Brrr."

Etelvina akatupitishia macho, mmoja baada ya mwingine. Alinilea mimi; uongo wangu anaujua kabla sijaupika.

"Basi tutoke," akasema. "Mtaniugulia mafua."

Tukampandisha. Mgongo wake ulikuwa umeiva kwa lile joto, unafuka moshi kwenye baridi ya asubuhi, na chini ya mkono wangu nyama yake ilikuwa ikitetemeka. Nikamfunga taulo kubwa, nikalikaza kifuani.

Akalifungua. Akaniviringishia mimi mabegani, polepole, mpaka shingoni.

"Jifunike, mdogo wangu," akasema. "Kuna baridi."