Mkono wa Khoát

Mkono wa kaka yangu Khoát ulikuwa juu. Uliyumba, ukamgonga sikio, lakini ulitangulia mikono yetu sote. Mwalimu Thoa alimtazama, akatabasamu, akamwita mwenzetu Lụa.

Ulikuwa mkono wa kushoto.

Basi nirudi nyuma siku tatu. Jumatatu, baada ya kusalimu bendera, Mwalimu alifunga mlango wa darasa la nne. Alhamisi wageni wa wilaya wangekuja kukaa nyuma na madaftari yao, wamwangalie anavyofundisha.

"Nikiuliza, wote mnanyoosha mikono. Sitaki kuona mtu amekaa kama gunia. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitajua wa kumwita. Sawa, wanangu?"

Tulicheka. Khoát hakucheka. Mkono wake wa kulia umejikunja kifuani tangu azaliwe, kama vile ameficha kitu. Na maneno yake hutoka polepole, moja likisubiri jingine, na darasa la watu arobaini na wawili halina muda wa kusubiri. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na tatu. Miaka mitatu Mama alimtafutia nafasi ya shule, na hata hiyo aliyoipata ilikuwa ya majaribio: wageni wakiona anafuata somo, atabaki. Wasipoona, arudi nyumbani.

"Mwambie Mwalimu," aliniambia tukirudi, mimi nikisukuma baiskeli, yeye amekaa nyuma. "Mimi wa kushoto... ndio wa kujua."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

"Wewe! Ukinunua aiskrimu... unanong'ona mpaka inayeyuka."

"Nimesema nitamwambia, bwana!"

Jumanne nilifika mlangoni pa ofisi ya walimu. Ndani walikuwa wanacheka. Niligeuka. Jumatano nilimkuta Mwalimu peke yake akifuta ubao.

"Unataka nini, Nhiên?"

"Chaki."

Akanipa chaki.

Na Alhamisi swali lilikuwa la shamba la mstatili: mzingo mita mia na ishirini, urefu mara mbili ya upana, eneo lake ni ngapi? Nilimwona Khoát akilitamka jibu sahihi kwa midomo tu, mia nane. Lụa akasema mia sita. Mwalimu akamwita mwingine, naye akababaika. Mkono wa Khoát bado uko juu, jasho linamtoka.

"Na yule?" mgeni mmoja akauliza.

"Yule tusimsumbue, ndugu," Mwalimu akasema, kwa huruma kabisa. "Hili bado hajalielewa."

"Mi... mia..." Khoát alianza. Wenzetu wakaanza kucheka chinichini, na Mwalimu alikuwa ameshageukia ubao. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwa Khoát. Ilitakiwa nisimame tu. Niseme sentensi moja. Nilikaa nikiangalia rula yangu, na nyuma yangu nikasikia kalamu ya mgeni ikiandika.

Nilimwambia Mwalimu wiki iliyofuata, barua ya kumrudisha Khoát nyumbani ikiwa imeshamfikia Mama. Mwalimu alikaa kwenye dawati letu.

"Mbona hukusema, mwanangu?"

Alikwenda kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Akaambiwa karatasi imeshapigwa mhuri, tujaribu mwakani. Mwaka uliofuata wakasema umri umepita. Mama alienda, akarudi, akaenda tena, mpaka mlinzi wa geti akawa anamwita shangazi. Kila afisa alikuwa mpole. Kila afisa alimkaribisha chai. Hakuna aliyemuuliza Khoát swali hata moja.

Sasa niko darasa la tisa. Jioni, Mama akiwa uani anaanua mikate ya mchele, myembamba kama karatasi, iliyokauka kwenye vichanja, mimi natoa daftari.

"Soma swali," Khoát ananiambia.

Nasoma. Anafumba macho.

"Haya... andika."

Naandika. Kesho yake daftari linarudi na kumi kwa kumi ya wino mwekundu, pembeni mwa jina langu. Huwa anataka aione. Anaiangalia kwa muda, halafu ananiuliza kesho tuna somo gani.