Kirikuu Kilichoumuka Bandarini

Usiku wa kuamkia safari ya Dar kwenda kuagiza gari, Theodosia Mkude wa Kihonda, Morogoro, aliota ndoto ambayo hadi leo huisimulia bila kucheka. Anasema haoni cha kuchekesha ndani yake.

Theodosia ni mwoka keki za harusi. Mumewe, Kilian, ndiye aliyekuwa akizifikisha ukumbini kwa pikapu yao kuukuu, tangu binti yao Rozina akiwa ananyonya. Alikuwa dereva wa kuvuka tuta bila krimu kujua. Kisha daktari wa macho akamwambia ana presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kuondoka hairudi. Asishike usukani tena.

Basi Theodosia akajifunza gari ukubwani. Siku alipopata leseni akamwambia mumewe kwamba pikapu iuzwe, waagize kirikuu kipya, kigari kidogo cha mizigo, chenye bodi ya kufunga nyuma, na yeye ndiye ataendesha.

"Haya," Kilian akajibu, akatoka kwenda kukaa barazani.

Tangu hapo, gari likitajwa, ni "haya" na baraza. Neno hilo likamkaa Theodosia kooni kama mwiba wa samaki. Jioni ya kuamkia safari alimsomea yote aliyotumiwa na kampuni: kodi zitakazokatwa, gari kufikishwa mlangoni, dhamana ya miaka mitatu.

"Umeelewa, Baba Rozi?"

"Haya."

Akazima taa, akalala na maneno ya kampuni yakimzunguka kichwani.

Mara yuko bandarini, amevaa aproni. Mbele yake kuna sinia kubwa la keki, na juu ya sinia kimeegeshwa kirikuu cheupe.

"Shikamoo mama," kirikuu kinasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Ila bado sijatengenezwa."

"Pole."

"Nimeshazoea."

Anatokea ofisa wa forodha, sare imepigwa pasi mpaka inakata, mkononi ana kisu cha keki.

"Mama, tunaanza kukata kodi."

Theodosia anamwambia akate. Ofisa anachovya kisu kwenye maji ya moto, anakizamisha kwenye boneti. Bati linaachia laini, kama sponji iliyoiva vizuri. Anaweka kipande kwenye kisahani. "Huu ushuru wa forodha." Anakata mlango wa kushoto. "Huu ushuru wa bidhaa."

"Hamvili?" Theodosia anauliza.

"Tukila tunafukuzwa. Ni mali ya umma."

"Unaumia?" anakiuliza kirikuu.

"Hapana. Nasikia baridi tu upande wa kushoto."

Ofisa anafuta kisu. Anasema imebaki kodi ya ongezeko la thamani.

"Hiyo inakatwa wapi?"

"Panapoongezeka."

Hapo ndipo Kilian anapotokea nyuma ya gari. Analizunguka akilipapasa, taratibu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani. Anafika kwenye usukani, anasimama.

"Mama Rozi," anasema, "chombo hiki kimetulia."

Kirikuu kinaumuka. Paa linapanda, ubavu unavimba, na pale boneti ilipokatwa panajijaza penyewe. Ofisa anainama, anakata kipande kipya. "Umeona? Thamani imeongezeka."

Kilian anafungua mlango uliobaki, anaufunga. Anategea sikio. "Sikiliza huo mlango. Unafunga kama mtu mwenye adabu anayenyamaza."

Kirikuu kinaumuka tena. Ofisa anakata tena.

"Mama," ofisa anamnong'oneza, "mnyamazishe mzee. Akiendelea kusifu, tutaendelea kukata. Waangalie wenzako."

Theodosia anageuka. Nyuma yake kuna foleni ya watu, kila mmoja anatukana gari lake. "Takataka wewe!" "Bati tupu!" "Hata kuku hapandi!" Magari yanasikia na kunywea. Ofisa mwingine anayakwangua kidogo tu kwa ukucha, anawaruhusu waende. Bwana mmoja mwenye suti anaondoka ameridhika kabisa, basi lake la abiria akiwa amelitia mfukoni mwa shati.

Theodosia anamtazama mumewe. Ameinama anapapasa tairi, na uso wake ni ule wa zamani, wa asubuhi za Jumamosi, keki zikiwa zimepangwa nyuma na yeye anapiga mluzi.

"Mwacheni aseme," Theodosia anasema.

"Tutakata."

"Kateni. Mimi neno la huyu mtu nimelingoja tangu masika."

Kilian anasifu tairi. Anasifu honi, anasema haina kiburi. Anasifu nafasi ya nyuma, anasema hapa keki ya ghorofa inasimama bila kuinama. Kirikuu kinaumuka, ofisa anakata, kirikuu kinaumuka. Visahani vinakwisha, wanaanza kupanga vipande juu ya makontena. Mwishowe kisu chenyewe kinafungua kinywa.

"Naomba nipumzike," kinasema.

"Imetosha," ofisa anasema, akijifuta jasho. "Chukueni. Mtafikishiwa kwa siku za kazi."

Siku za kazi zikaja. Jumatatu alikuwa na macho mekundu na hakumsalimia mtu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa wakamfuata, wakakibeba kirikuu mabegani, wakaingia barabara ya Morogoro. Theodosia na Kilian wakawa wanatembea kando. Nyuma yao alikuja mama mmoja mnene na mwavuli wake, hagusi kitu.

"Dada, husaidii?" Theodosia akamwuliza.

"Mimi Jumapili. Si siku ya kazi. Nasindikiza tu."

Mlandizi, Ijumaa akaweka pembe yake chini, akaenda kuswali. Wakamngoja. Chalinze, ikatangazwa kwamba Jumanne amekuwa sikukuu. Jumanne akavua shati, akaketi kivulini, akaagiza soda.

Pembe yake ikabaki haina mtu. Kirikuu kikaanza kulalia upande.

Kilian akaingia chini, akatia bega.

"Mzee, unaiona njia?" Alhamisi akauliza.

"Siioni."

"Sasa?"

"Tuta linakuja. Inueni."

Wakainua. Tuta likapita chini yao, kirikuu hakikutikisika. "Lingine. Inueni. Hapa kuna shimo, kaeni kulia." Ikawa hivyo mpaka Kihonda, na Jumatatu, ambaye hakuwa amefungua mdomo njia nzima, akasema, "Huyu angekuwa siku, ningebadilishana naye."

Walikiweka mlangoni. Si mbele ya mlango, wala karibu na mlango. Mlangoni, kati ya miimo, kwa kuwa ndivyo kampuni ilivyoandika. Wakaaga, wakaondoka. Ili kuingia nyumbani ilibidi kupita ndani ya gari, na Theodosia alipopita ndani ya gari alijikuta ameshika usukani, na barabara inakwenda.

Kilian yuko kiti cha abiria, mikono magotini. Nyuma yao, penye nafasi ya keki, kuna bibi kizee anasuka ukili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mimi ndiye Dhamana. Nitakaa nanyi miaka mitatu au kilomita laki moja, litakalotangulia."

"Unahusika na nini?"

"Kasoro za kiwandani. Uchakavu wa kawaida haunihusu."

Theodosia anaendesha. Anapita nyumba, anapita shamba la mkonge. Kisha anauliza bila kugeuka.

"Na macho ya mume wangu?"

Bibi anaacha kusuka. "Alitengenezwa wapi?"

"Matombo, mlimani."

"Yalikuja hivi, au yameharibika katika kutumika?"

"Katika kutumika."

"Basi hayanihusu."

Hakusema pole. Alirudi kwenye ukili wake. Kilian alikunja vidole kidogo juu ya goti, akavikunjua.

"Bibi," Theodosia anasema tena, "na kukaa kwake hapo mbele, pembeni yangu, kuna mwisho?"

Bibi anafikiri. Inaonekana hakuna aliyewahi kumwuliza hilo.

"Abiria hana kikomo cha kilomita," anasema.

"Gia ya tatu, Mama Rozi," Kilian anasema. "Injini inakuomba."

Anaweka gia ya tatu.

"Asante, mzee," kirikuu kinasema chini yao.

Jua linapanda, viti vinapata joto. Bado vimevikwa nailoni za dukani, zinalia kila mtu akijigeuza, na Theodosia anahisi zinamganda mapajani kwa jasho. Anajiinua kidogo ili ajinasue, na katika kujiinua akaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Kilian alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa shati la safari na viatu, ameshachana nywele.

"Amka, tutaachwa na basi," akasema.

"Tutaachwa? Na wewe unakwenda?"

"Nimelala nikiwaza. Mtu hanunui gari bila kuusikia mlango wake ukifungwa." Akakohoa kidogo. "Na wewe matuta bado unayagonga. Itabidi nikae karibu."

Theodosia akajiinua kitandani. Alitupa shuka, akashusha miguu chini. Kitu kikalia nyuma ya paja lake, kwa sauti kavu.

Akakibandua. Kilian akanyoosha mkono, akapewa, akakisugua kwa vidole karibu na sikio, kama alivyozoea kusikiliza vitu siku hizi.

"Nailoni ya kiti," akasema. "Tena ya gari jipya kabisa." Akakunja uso. "Mama Rozi, nani kakalia gari la watu kabla halijaagizwa?"