Mfumbati Uliotoka Darajani

Usiku wa kuamkia harusi ya binti yangu Zawena niliota daraja letu la chuma limekuja kunishtaki, na limeleta ukoo mzima.

Mnijue kwanza. Mimi ni fundi wa milango na vitanda, si mwizi. Ila kitanda cha harusi kilikosa mfumbati mmoja, kile chuma cha ubavuni. Pale darajani kulikuwa na chuma kimekaa mshazari tu, hakikanyagwi na gari wala mtu. Nikasema, huyu naye kazi yake nini? Nikamfungua kwa spana. Urefu ulilingana na kitanda hadi nikamshukuru Mungu.

Basi nipo barazani kwangu, na daraja limeketi mkekani.

"Hodi," unasema upepo.

"Pita, mwanangu," daraja linajibu. Upepo unapita katikati ya vyuma, hausukumi mtu. "Ningekuwa ukuta, huyu tungegombana kila masika."

"Shikamoo," nasema, maana linaizidi nyumba kwa ukubwa.

"Marahaba, Baba Zawena. Mwanangu yuko wapi?"

"Yule wa mshazari? Si alikuwa amekaa bure?"

Loh! Vyuma vyote vikaguna. Cha juu kikasema kinabanwa tangu kizaliwe. Cha chini kikasema chenyewe kinavutwa.

"Sisi ni wembamba," daraja linasema. "Tuliletwa vipande vipande mabegani mwa watu. Nguvu yetu ni kushikana watatu watatu. Lori likija, kila mmoja anameza tonge lake. Sasa tazama ulichotuachia."

Vyuma vinne vinashikana mikono, bila wa mshazari kati yao. Vinainama upande mmoja, taratibu, mpaka vinalala chali mkekani. Nikaona aibu, jamani.

Mara baraza ni mto. Mimi ndiye niliye kwenye pengo la yule wa mshazari, kiganja kimoja kimefungwa bolti juu, kingine chini. Haviumi. Lori la harusi linaingia na vigelegele, Zawena amejifunika kanga, kitanda kimefungwa nyuma yake.

"Shika sana, fundi," mfumbati unaniambia kutoka kitandani. "Hapo ni pangu."

Navutwa. Mama yangu, navutwa! Bega linaanza kuachia. Namwita mwanangu ashuke, sauti haitoki.

Nikaamka. Mke wangu amesimama mlangoni na chai. "Amka, lori linaondoka saa nne."

Nikafungua viganja. Katika kila kimoja kulikuwa na alama nyekundu ya pembe sita, sawasawa na kichwa cha bolti.

Chai sikuigusa. Nilichukua spana, nikakiendea kitanda.

"Baba Zawena! Unavunja kitanda cha mtoto siku ya harusi yake? Watasema nini ukweni?"

"Waseme," nikajibu, nati ya kwanza imeshalegea. "Godoro watatandika chini. Mwanangu avuke."