Feni Tatu za Maji

Feni za maji zilifika Jumanne, saa nne kasoro dakika chache. Zilikuwa tatu, kila moja ndani ya boksi lake, na hakuna iliyozidi ukubwa wa mkate wa slesi. Msimamizi, ambaye pia alikuwa mpwa wa mwenye kiwanda, alizipanga juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasoma maandishi ya boksi kwa sauti: "Hupoza chumba kizima kwa dakika tano." Wanawake kumi na tisa waliokuwa wakishona sare za shule waliinua vichwa, wakatazama, wakarudi kwenye cherehani zao. Chumba chenyewe kilikuwa na urefu wa hatua arobaini, na bati lake halikuwa na dari.

"Mliomba hewa," msimamizi akasema. "Hewa hiyo."

Mpigapasi alikuwa mahali pake mwisho wa chumba, penye pasi ya mvuke, na kuhusu joto hapakuwa na wa kumfundisha. Yeye ndiye aliyeandika lile ombi. Hawakuomba hewa, waliomba madirisha yafunguliwe. Madirisha yalikuwepo, tena makubwa, ila yalichomelewa mwaka ule lilipopotea bunda la vifungo. Vifungo vilionekana baadaye chini ya kiti cha msimamizi, lakini aliyechomelea alikuwa ameshakwenda zake.

Feni moja iliwekwa mbele ya wifi wa mpigapasi, dada wa mumewe, aliyeshona matundu ya vifungo. Wifi akaiinamia, akaipuliza.

"Tukishindana kupuliza, naishinda," alisema.

Chumba kizima kikacheka. Mdomo wa wifi haukuwa na kifuniko. Tangu mpigapasi aolewe, haikupita siku bila kuambiwa kwamba chai yake ni maji ya kuoshea vyombo na kwamba kaka mtu aliolewa yeye, hakuoa. Naye alijibu vilevile, na hivyo ndivyo walivyopendana.

Siku ya pili alikuja fundi wa majokofu kusafisha kiyoyozi cha ofisini. Ofisi ilikuwa chumba cha vioo kilichoinuliwa juu ya ngazi sita, ili msimamizi awaone wote bila kusimama. Fundi aliposhuka alisimama mbele ya feni, akaweka kiganja.

"Si kitu kibaya," alisema. "Mahali pakavu, dirisha liko wazi, mtu mmoja amekaa karibu, itampa nafuu. Maji yanageuka mvuke, mvuke unaondoka na joto. Sasa hapa uondoke uende wapi? Mmejifungia, pasi inafuka, watu ishirini wanatoka jasho. Hewa imeshashiba, nyinyi bado mnailisha."

"Kwa hiyo tufanyeje?" msimamizi akauliza.

"Mfungue madirisha."

"Ukiacha hilo."

Fundi akafunga mkoba wake.

Siku ya tatu maji yaligoma. Yalijazwa asubuhi, na hadi mchana hayakuwa yamepungua hata kwa ukucha. Hewa ilikuwa imejaa, hayakuwa na pa kwenda, yakatulia kwenye matangi yao. Maji yana haki hiyo. Feni, kwa upande wake, ilitengenezwa ili igeuze kitu kuwa mvuke, na haikuwa na ubaguzi. Saa nane mchana ilianza na wifi.

Ilianzia kwenye vidole. Wifi aliviona vinafifia juu ya kitambaa, akasema, "Nishikieni hii sketi isianguke." Kisha viwiko, kisha mabega. Mpigapasi alipomaliza kuiegesha pasi na kufika kwenye meza ile, juu ya kigoda palikuwa na gauni, na chini kandambili mbili zimeelekeana. Cherehani ilikuwa bado inazunguka. Jirani yake akaizima ili uzi usikatike.

Hakuna aliyepiga kelele. Oda ilitakiwa Ijumaa.

Walimpata saa kumi na moja, kwenye vioo vya ofisi. Ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, nje kulikuwa na mvuke, na kila mvuke uliogusa kioo kile ulikuwa umegeuka matone. Kwa bahati mbaya msimamizi alikuwa ameshatoka na tambara kufuta kioo kimoja, kwa sababu watu walikuwa hawaonekani. Alilikamua tambara kwenye ndoo ya kupigia deki, na ndoo ikamwagwa uani. Mpigapasi alipanda ngazi na chupa ya chai na kipande cha pamba safi, akamkusanya wifi yake tone kwa tone, kutoka juu kwenda chini, kama amwogeshaye mtoto mchanga.

Nyumbani mama mkwe alikuwa akichambua mchele.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Huyu hapa, mama." Akaiweka chupa mezani.

Mama mkwe alifungua kifuniko, akachungulia kwa jicho moja. "Mbona haijajaa?"

"Kioo kimoja kilifutwa kabla sijafika."

"Mimi niliwapa mtu mzima," mama mkwe akasema. "Sikuwapa robo tatu."

Wakammimina kwenye beseni, wakamfunika shuka. Alfajiri wifi alikuwa ameketi ndani ya beseni, magoti kifuani, akiulizia kandambili zake. Lile kovu la kidevuni, alilolipata utotoni, halikuwepo, na kimo chake kilikuwa kimeshuka kidogo. Kazini alifika mapema kuliko wote.

Baada ya wiki tatu jambo hili lilikuwa limezoeleka kama foleni ya choo. Wanawake walianza kufahamiana kwa matone. Mshona kola alikuwa mzito, akiteremka kwenye kioo bila kusimama. Mpiga pindo alikuwa wa matone madogo madogo, na kumkusanya kulichukua saa nzima. Kila mtu alikuja na chupa yake imeandikwa jina. Msimamizi naye alibandika tangazo: *Atakayegeuka mvuke kabla ya saa kumi atahesabiwa ametoka kazini bila ruhusa.* Kwa mjomba wake alipeleka habari njema, kwamba malalamiko ya joto, ambayo zamani yalianza saa nane, sasa saa nane hayakuwepo kabisa. Mwenye kiwanda akaagiza feni nyingine sita.

Wifi aliendelea kupungua. Alikuwa akipanda hewani wa kwanza, kwa hiyo ndiye aliyefutwa zaidi na tambara la msimamizi. Alifika mabegani mwa mpigapasi, kisha kifuani. Msimamizi alianza kumvalisha sare za darasa la sita kuona kama zimekaa vizuri, akasema hiyo ni faida ambayo boksi halikuitaja. Yote hayo mpigapasi aliyavumilia. Kisha jioni moja alimpa wifi yake chai. Wifi akanywa, akashusha kikombe.

"Chai nzuri, wifi," akasema. "Ahsante."

Mpigapasi alisubiri. Hakikufuata kitu. Alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti, na mama mkwe aliyekuwa amesikia akatoka akakaa kando yake.

Asubuhi mpigapasi alipanda zile ngazi sita bila kuitwa. Mwenye kiwanda alikuwepo siku hiyo, na koti begani, maana kiyoyozi kilikuwa kikali.

"Bosi, wifi yangu anakwisha."

"Anakula?"

"Anakula."

"Pole sana. Lakini asubuhi si huwa mnarudi?"

"Tunarudi. Haturudi na vyote."

Mwenye kiwanda alitazama madirisha kupitia kioo. "Nikiyafungua nitaibiwa."

"Wanaoibiwa ni sisi, bosi."

Alimwangalia kwa makini, kama aangaliavyo mshono uliokwenda upande. Kisha akasema yeye ni mtu anayesikiliza, na ili asije mtu akasema hasikilizi, atamwita mkaguzi wa serikali.

Mkaguzi alikuja Alhamisi, saa tisa mchana, na kipimajoto ndani ya mfuko wa ngozi. Feni zilikuwa tisa wakati huo. Mpigapasi alikuwa amejikaza tangu saa saba. Alijifunga kanga mbili kiunoni, akashika ukingo wa meza, akawa anamtazamia mlangoni kila dakika. Saa tisa kasoro robo ukingo ulimponyoka. Mkaguzi alipoingia alikuta vigoda kumi na tisa, magauni kumi na tisa, na pasi iliyozimwa vizuri.

"Wafanyakazi wako wapi?"

"Wapo," msimamizi akasema, akiwaonyesha kwa kuzungusha mkono.

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, akaandika. Akapandishwa ofisini kwa mwenye kiwanda, akapewa soda baridi.

"Kuna malalamiko?" akauliza.

Wote watatu wakatega sikio. Nje ya kioo mshona kola aliteremka hadi chini.

"Hakuna," mwenye kiwanda akasema.

"Na hivi vifeni, vinafaa kweli? Mke wangu ananisumbua nimnunulie."

"Mnunulie. Tangu tuvilete, hakuna aliyenijia na habari za joto."

Mkaguzi aliaga, akatoka. Miwani yake ilikuwa imepoa kwa muda aliokaa ndani, na alipovuka mlango, mpigapasi, aliyekuwa bado hewani akitafuta pa kutua, alitua hapo. Hakuwahi kuwa karibu na serikali kiasi hicho. Alitanda juu ya vioo vyote viwili, na kwa muda mkaguzi hakuona kitu kingine chochote duniani isipokuwa yeye.

"Miwani hii," mkaguzi akasema. Akatoa leso, akaifuta, akaikunja leso mara nne, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Jioni wifi, aliyekuwa ametumwa kununua uzi siku hiyo na ambaye sasa alihitaji kigoda ili afikie vioo vya juu, alikusanya kilichobaki cha mpigapasi. Alfajiri mpigapasi aliketi ndani ya beseni, akajitazama. Mkono wa kushoto haukuwepo, kuanzia kiwiko.

"Mkono uko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Amekwenda nao mkaguzi."

"Ameacha karatasi yoyote?"

"Hakuacha."

Mama mkwe akamfunga kifungo cha gauni, maana hicho kilitaka mikono miwili.

Ripoti ilibandikwa Jumatatu kando ya saa ya ukutani. *Hewa: ya kutosha. Wafanyakazi: watulivu.* Chini yake mpigapasi alinyoosha sare kwa mkono wa kulia, na kola zilikuwa zinamkimbia. Msimamizi aliliona hilo kutoka juu. Alishuka, akaenda uani, akarudi na jiwe lililooshwa, ukubwa wa ngumi, akaliweka mezani pake.

"La kushikilia," alisema.

Lilikuwa jiwe zuri, lilikaa vizuri. Saa nane, mpigapasi alipoanza kupanda, pasi ilikuwa imeshazimwa, na jiwe lilibaki juu ya sare, limeishikilia kola.