Saa za Benta Zilizoangukia Gatuanyaga

Jumatatu moja ya mwaka 1996, Benta alipiga foleni nje ya ofisi ya kompyuta ya kiwanda kimoja cha soksi mjini Thika. Alitaka likizo. Hapo kiwandani ovataimu hulipwa kwa siku za mapumziko, naye alikuwa ameikusanya tangu Januari. Mama yake huko Ugunja alikuwa anapoteza macho, na Benta alitaka mama amwone vizuri kabla hayajazima kabisa.

Nadira, msichana wa kompyuta, alibonyeza vitufe, akasubiri mashine imalize kunguruma.

"Auntie, hapa inasema huna overtime ya kuchukua."

"Na hizo Sunday zote nilikuwa hapa?"

"Zimefutwa. Kila mwisho wa mwezi mashine inatoa kila kitu kimepita miezi tatu, ndio isijae."

"Lakini si mlisema overtime haiwezi kuchukuliwa mpaka imalize miezi sita?"

"Ee. Hiyo ni sheria ya Personnel. Hii nayo ni ya kompyuta."

Benta aliuliza saa zake zilikwenda wapi.

"Gatuanyaga, kwa shamba ya Mzee Kisilu," Nadira alisema. "Huwa zinaanguka huko. Mwambie next aingie."

Jumapili Benta alifunga safari. Kwa majirani wa Kisilu jua lilikuwa limeshatua na kuku wamelala. Ndani ya ua wa Kisilu bado ilikuwa saa kumi alasiri. Mbuzi wake walikuwa wanene kupita kiasi kwa sababu walikula mchana mrefu. Yeye mwenyewe alilalamika tu kwamba hajui ale chakula cha jioni wakati gani.

"Zako nadhani ni hizi za karibu na mtaro," Kisilu alisema. "Ziko na harufu ya mafuta ya mashine."

Benta aliketi hapo, na mgongo ukaanza kumuuma palepale unapomuuma kazini. Zilikuwa zake. Alijaribu kuzitia kwenye gunia, hazikutilika. Basi akatuma nauli nyumbani, na mama yake akaja.

Katika mwanga ule bibi kizee aliona kila kitu. Aliwahesabu mbuzi bila kukosea. Kisha alimshika Benta kidevu akamtazama kwa muda mrefu.

"Umekonda, nyathina, mwanangu," alisema. "Nani anakufanyisha kazi hivi?"

Benta alilia kidogo, akafurahi sana.

Habari zilimfikia Bwana Mburu, meneja wa kiwanda. Hakuuliza saa za wafanyakazi zilifikaje kule. Aliuliza shamba ni la nani. Muda si muda kampuni ikakodisha nusu ya shamba, ikajenga banda la mabati kando ya mtaro na kuleta mashine, kwa kuwa hapo mchana ulikuwa mwingi na taa hazikuhitajika. Benta alihamishiwa huko wa kwanza kwa vile njia alikuwa anaijua. Mburu alimpongeza mbele ya wenzake na kumhakikishia kwamba ovataimu yote itaingizwa kwenye kompyuta kama kawaida.

Iliingizwa. Miezi mitatu ilipopita Nadira akaifuta kama kawaida, na kwa kuwa haikuwa na mahali pa mbali pa kwenda, ikaanguka juu ya banda lenyewe. Jua likakaa pale lilipokuwa. Zamu ilitakiwa kuisha jua likitua.

Mama yake Benta bado anakaa nje kwenye kigoda cha Kisilu, na anaona vizuri kabisa. Anaona mbuzi, anaona mtaro, anaona misumari kwenye mabati. Mlango wa banda hufungwa kwa sababu ya vumbi.

"Ametoka?" humuuliza Kisilu.

Kisilu hutazama jua.

"Bado, mama."