Mayai ya Samaki wa Ziwani

Kila baada ya Alasiri, Sabir alivua kofia yake, akalaza shavu juu ya tumbo la mkewe, akaanza kusema uongo.

Uongo wenyewe haukuwa wa kumdhuru mtu. Ulihusu chewa mmoja mkubwa mwenye ndevu, aliyechoshwa na maisha ya baharini, akapandia kwenye kisima cha msikiti maji yalipojaa na kwenda kubisha hodi mtaa wa Kibokoni, akitafuta chumba cha kupanga. Mwenye nyumba alimuuliza kama ana watoto wasumbufu. Chewa akajibu kwamba watoto anao, tena maelfu, lakini wote wana adabu.

"Muongo mkubwa weye," Ummukulthum alikuwa akimwambia, tumbo likitikisika kwa kicheko. "Chewa atapandaje ngazi?"

"Kwa mapezi. Wamsikia mamako, mwanangu? Hana imani hata kidogo."

"Na mwisho wake? Kila siku wakatiza pale pale, kisima kimekauka na chewa ataka kurudi kwao."

"Mwisho si wako. Mwisho nitamwambia mwenyewe akishatoka."

Kusema kweli, mwisho hakuwa nao. Lakini fundi wa uongo hahangaiki na mwisho maadamu muda ungalipo, na Sabir aliamini kwamba muda alikuwa nao wa kutosha. Walikuwa wameoana miaka mingi, mingi kiasi cha watu kuacha kuwauliza habari za mtoto, na kule kutoulizwa kuliwauma kuliko maswali yenyewe. Sasa tumbo lilikuwa limeinuka chini ya dera, duara, gumu, lisilofichika tena. Vile vijiti vya kupimia vinavyouzwa katika maduka ya dawa Ummukulthum aliapa kutovigusa tena. Vilikuwa vimemvunja moyo mara nyingi mno, na safari hii hakutaka kuomba ruhusa ya kijiti.

Hospitali nayo ilisubiri. Katika ukoo wa akina Sabir, mimba haitangazwi hivi hivi. Mwenye mimba sharti kwanza apasue samaki kwa mkono wake, atoe mayai, yapikwe kwa tui zito, ayale yote asimbakishie mtu. Hapo ndipo midomo hufunguliwa, kina mama wakaitwa, na safari za kliniki zikaanza. Bi Swafia, mamake Sabir, alikuwa amefanyiwa hivyo na mama mkwe wake, na hakuwa tayari kuwa wa kwanza kuivunja mila hiyo. Isitoshe, alikuwa akisema, hospitali ina macho mengi kuliko harusi.

Kilichowakwamisha ni upepo wa kusi. Bahari ilichafuka, na samaki waliofika sokoni walikuwa wachache, wamekonda kama waliotoka jela. Sabir mwenyewe alikuwa mkaanga samaki wa Makadara, na katika siku hizo karai lake lilikaanga viazi. Kila jioni Bi Swafia alimtazama mikono alipoingia, na kila jioni mikono ilikuwa mitupu.

Ndipo Sabir akamkumbuka Barnabas.

Barnabas alikuwa mtu wa upande wa Ziwa Viktoria, mkazi wa mtaa wa Buxton, aliyeletewa samaki kwa basi katika makasha ya barafu, akawauzia watu wa bara waliotamani ladha ya kwao. Yeye na Sabir walikuwa watani wa miaka.

"Karibu, mwenye bahari!" Barnabas alimpokea. "Leo bahari imekunyima?"

"Haijaninyima, imepumzika. Hebu nione hao wako wanaonuka matope."

"Wananuka matope lakini wapo."

Sabir alicheka, akapitisha macho juu ya makasha. Kando, katika beseni lililopasuka mdomo, aliona visamaki vya rangi ya fedha vya urefu wa kiganja, vimefura matumbo hata ngozi ikavutika ikang'aa. Alibonyeza kimoja kwa kidole gumba. Kilikuwa laini, kimejaa. Moyo ukamruka.

"Nipe hawa."

"Hao waache. Nimewatenga niwatupe."

"Utupe samaki wa mayai?"

"Mayai wapi! Hao wana mnyoo," alisema Barnabas. "Mweupe, bapa kama utepe. Ukimnyoosha anaweza kumzidi urefu samaki mwenyewe. Anakaa ndani anakula nafasi yote. Samaki wa hivyo hatagi, ndugu yangu. Mayai yenyewe hayakui. Tumbo ndilo linakua. Mwishowe anaelea juu juu, kuzama hawezi, mpaka ndege amwone."

Sabir alimtazama, kisha akaangua kicheko. Yeye aliyeishi kwa kutia maneno chumvi aliamini kwamba huijua chumvi ya mwenzake kabla haijafika ulimini. "Mnyoo mrefu kuliko samaki aliyembeba! Hiyo nzuri. Nitamwongezea chewa wangu wa Kibokoni."

"Haki ya Mungu, si utani."

"Barnabas, mimi nimezaliwa katika harufu ya samaki. Tumbo la mayai nalijua hata nikifumba macho. Sema tu wawataka mwenyewe."

Barnabas aliinua mabega, akawafunga wawili wanono katika gazeti. "Chukua bure. Lakini usije ukanitukana."

Nyumbani Bi Swafia alikuwa amekwisha kukuna nazi. Tui la kwanza lilikuwa jikoni, zito, likitoa moshi mwembamba, na mama huyo alikuwa akiimba chini ya pumzi wimbo ambao Sabir alikuwa hajausikia tangu utotoni. Ummukulthum aliketi kwenye kibao uani, karibu na jiko, miguu ameitanua kulipisha tumbo. Akashika kisu.

"Bismillahi," alisema Bi Swafia. "Taratibu, mwanangu. Usiyapasue."

Kisu kiliingia chini ya shavu la samaki kikateremka. Ngozi ilifunguka kwa urahisi, kama mfuko uliochoka. Kilichotoka hakikuwa cha rangi ya manjano. Kilikuwa cheupe, bapa, kimekunjwa mikunjo juu ya mikunjo, na kilipoguswa na hewa kilijinyoosha polepole juu ya sinia, kama kitu kilichoamshwa usingizini.

"Audhubillahi! Ni nini hii?" Bi Swafia alirudi nyuma. "Tupa! Pasua huyo mwingine."

Wa pili alikuwa hivyo hivyo. Ummukulthum aliingiza kidole katika tumbo la samaki, akatafuta kila upande, taratibu, kwa subira iliyomtisha Sabir. Hakupata hata chembe.

"Aliyekupa alisema nini?" aliuliza.

"Hakusema kitu."

"Sabir."

Alifungua kinywa kuutafuta uongo. Alikuwa nao tele, siku zote ulimjia kwa kusukumana. Safari hii haukuja hata mmoja.

"Alisema samaki huyo hatagi," alijibu. "Alisema mayai hayakui. Kwamba... tumbo ndilo linakua."

Ummukulthum alikilaza kisu juu ya sinia kwa uangalifu. Mikono yake ilikuwa imejaa magamba, akaiweka magotini kama mtu anayesubiri kunawishwa.

"Hachezi," alisema.

"Nani hachezi?" aliuliza Bi Swafia.

"Hachezi, mama. Hajawahi kucheza."

"Wacha hayo! Juzi si nilimsikia kwa mkono wangu huu?"

"Ni mimi niliyekaza tumbo. Ulikuwa umefurahi mno." Aliyainamisha macho. "Na damu haijakatika. Huja, tena huja nyingi. Nafua vitambaa nikiwasikia mwasali."

Tui lilipanda, likamwagikia makaa. Bi Swafia akaliepua, kisha akasimama na sufuria mikononi asijue pa kuiweka. Sabir alichuchumaa mbele ya mkewe, akaanza kumwondoa magamba vidoleni, moja moja, maana hakujua kazi nyingine ya kufanya.

Huko hospitali hakukuwa na macho mengi. Yalikuwapo mawili tu, ya daktari mwanamke aliyesema kwa sauti ya chini. Aliwageuzia kioo cha mashine. Mtoto hakuwamo. Ulikuwamo uvimbe, mkubwa, wa siku nyingi, uliokwisha kuushika mji wa mimba pande zote. Ungetolewa, na kuna hatari mji wenyewe ukatoka nao. Ummukulthum aliitikia kwa kichwa kila neno kabla halijakamilika. Sabir ndiye aliyemwomba daktari arudie.

Siku zilizofuata Makadara iligundua kwamba karai la Sabir limenyamaza. Samaki walikuwa wamerudi, mafuta yalichemka, wateja walikula, lakini hakuna aliyeambiwa kuhusu papa aliyekwenda kunyolewa wala pweza aliyefungisha ndoa. Barnabas alipita kumjulia hali.

"Ehe, bwana, mayai uliyakuta?"

Sabir aligeuza samaki karaini. "Niliyakuta," alisema.

Ulikuwa uongo mfupi kuliko wote aliowahi kusema. Barnabas alimtazama usoni, akaufahamu, akamshika bega kidogo na kwenda zake.

Asubuhi ya upasuaji Sabir na mamake walimkuta Ummukulthum amekwisha kuvalishwa joho la kijani, nywele zimefungiwa ndani ya kofia nyepesi iliyomfanya aonekane msichana. Bi Swafia alimbusu kipaji cha uso, akatoka nje kuvuta tasbihi yake. Dirisha liliingiza kelele za malori yaliyokuwa yakielekea Shimanzi.

"Vua kofia," Ummukulthum alimwambia mumewe.

Akavua.

"Laza kichwa."

"Ummu, hamna mtu humo."

"Najua. Lakini mimi nipo." Alimvuta kwa sikio kama alivyozoea. "Nieleze chewa alirudi vipi kwao. Miezi yote hii nimenyimwa mwisho."

Alilaza shavu. Chini ya kitambaa, tumbo lilikuwa na joto lile lile, ugumu ule ule, na kimya kile alichokuwa akikijaza maneno bila ya kukisikiliza. Sasa alikisikia.

"Kisima kilikauka," alianza. "Kilikauka mpaka chini, yakabaki mawe. Chewa akawauliza majirani wote. Hakuna aliyejua njia."

"Akafanyaje?"

"Akakaa ukingoni. Kila Alasiri alikwenda akachungulia."

"Na watoto wake?"

Mkono wa mkewe ulikuwa nyweleni mwake, hautikisiki.

"Watoto..." alisema. "Alipochungulia, siku hiyo..."

Ukumbini magurudumu ya kitanda yalisikika yakija, yakakoma mlangoni. Mtu aligonga kidogo.

"Aliona nini?" aliuliza Ummukulthum.

Sabir alifumba macho, shavu lake pale pale.

"Ngoja," alisema. "Usinikimbize. Ndiyo kwanza nafika."